Mgeni wa Chumba cha Jirani

Baba yangu alisimama mapokezi ya hoteli, kandambili miguuni, mfuko wa plastiki mkononi, akaomba chumba kinachotazama bahari.

Nilikuwa nashuka ngazi, kamera shingoni. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka aliooa tena.

"Diep," akasema, kana kwamba tumegongana sokoni. "Kumbe na wewe umefikia hapa?"

"Baba, unaishi hapa hapa Quy Nhon. Hotelini unalala kufanya nini?"

"Na wewe umezaliwa hapa hapa. Nimeambiwa kuna mtalii kafanana na mwanangu. Nikasema, basi na mimi nitalii."

Binti wa mapokezi akainama kuficha kicheko.

Mji wetu hauna siri. Mama muuza supu ya tambi niliyekula kwake asubuhi ile alikuwa amesoma na Baba. Nadhani habari zilifika nyumbani bakuli langu likingali linafuka moshi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika juu ya miji ya watu. Niliandika Penang inavyonukia karafuu baada ya mvua. Niliandika watawa wa Luang Prabang wakiupasua ukungu mmoja mmoja, kama mishumaa iliyojifunza kutembea, na fukwe za Cebu ambako mchanga ni laini hata mtu huona haya kuukanyaga. Miaka ile ilipita kama usingizi wa mchana. Niliamka kwenye shuka za kukodi nisijue dirisha liko upande gani, wala bahari inayovuma nje ni ya nchi ipi. Wasomaji walisema nina jicho. Labda. Jicho lenyewe lilikuwa linaukwepa mji mmoja.

Mama alipofariki, Baba alikaa kimya mwaka mzima na zaidi, kisha akamwoa Bi Thuan, mjane aliyekaanga chapati za mchele na kamba karibu na bandari. Nilikwenda nyumbani sikukuu ya Tet, mwaka mpya wetu, nikakuta viatu vyake mlangoni, pale pale vilipokaa viatu vya Mama. Sikugombana na mtu. Nilikula, nikafukiza udi mbele ya picha ya Mama, nikaondoka. Tangu hapo kila Tet ilinikuta mbali. Safari hii ni mhariri aliyenituma, nami nikajiambia nitaandika, nitapanda treni, hakuna atakayejua.

Badala yake nikajikuta namtembeza Baba. Tulikwenda kwenye minara ya Wacham, waliotawala pwani hii zamani, akayapapasa matofali yale mekundu kama mtu anayemtambua ndugu gizani.

"Nimepita hapa na lori maisha yangu yote," akasema. "Sikuwahi kuinua kichwa."

Jioni tulikaa kila mtu kwenye roshani yake, ukuta mfupi katikati yetu. Baharini, taa za mashua za kuvulia ngisi zilikuwa zimeanza kuwaka, moja, kisha nyingine, mpaka ikawa kama mbingu imeshuka kuoga.

"Makala zako nasomewa," Baba akasema ghafla. "Macho yangu yamechoka. Thuan ndiye anayesoma."

Nikaiweka kamera chini.

"Ile ya Luang Prabang, alipoimaliza akasema, 'Mtoto anaumwa.' Nikamwuliza, wewe umejuaje? Akasema, 'Hajataja chakula hata mara moja. Huyu, popote aendapo, lazima atuambie amekula nini.'"

Ilikuwa kweli. Nililala na homa mjini humo, chini ya chandarua kilichotoboka, nikisikia mto ukipita na kengele za mahekalu zikija na kupotea. Sikumwambia mtu. Nilikuwa sina wa kumwambia.

"Siku ile akapika uji," Baba akaendelea. "Mimi mzima, yeye mzima. Nikamwuliza, uji wa nani? Akasema mkono umekwenda wenyewe."

Nikashika ukuta ule mfupi kwa mikono miwili. Baba hakunitazama. Alijifanya anahesabu mashua.

Alfajiri alinigongea mlango. Saa hizo Quy Nhon nzima huwa majini: wazee, walimu, wauza samaki, wanapiga soga maji yakiwafika kidevuni. Ukungu ulikuwa haujainuka. Sauti zilitujia kwanza, vichwa baadaye, vikielea juu ya maji meupe kama maziwa.

"Yule mwenye kofia ya njano," Baba akasema, akaishia hapo.

Nilisimama mchangani kwa muda. Kisha nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi miguuni, vuguvugu kifuani. Kofia ya njano ilipanda na kushuka, ilipanda na kushuka, nikaogelea kuifuata. Nilipomkaribia nikaona uso wa Bi Thuan: mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, na umejaa woga. Alidhani nimekuja kusema jambo.

Na kweli nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu roshani. Yote yakayeyuka.

"Mama mdogo," nikasema, "hapa kina kirefu?"

Hakuna jina nililowahi kumwita kabla ya hilo. Akameza maji kidogo, akakohoa.

"Kirefu," akasema. "Lakini ukilala chali kinakubeba. Na tumwangalie baba yako, hajui kuogelea huyo, mbishi tu."

Tukageuka wote wawili. Baba alikuwa amesimama maji ya magotini, suruali ameikunja, anatazama upande mwingine kabisa, kama mtu asiyetujua.