Mwenye Neno Aseme

Kanisani kwetu benchi la mwisho, lile linalogusa ukuta, ni la waliotengwa. Ukilewa hadharani, ukizaa nje ya ndoa, ukipigana, wazee wa kanisa wanakukalisha pale na hupewi Meza ya Bwana mpaka utubu.

Mdogo wangu hakulewa wala hakupigana. Ana miaka kumi na sita. Mwalimu wa kwaya alimbakiza baada ya mazoezi, akafunga mlango wa chumba cha kinanda, akamfanyia aliyomfanyia. Wazee wakasikiliza pande zote mbili, wakasali, kisha wakamkalisha mdogo wangu kwenye benchi lile. Mwalimu naye wakamkalisha hapo hapo, upande wa pili. Waliita hiyo haki.

"Makofi hayapigwi kwa mkono mmoja, mama," katibu wa wazee alimwambia mama yangu.

"Kofi linapigwa kwa mkono mmoja, mzee wangu. Nikuonyeshe?"

Mama ni fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya ameyashona yeye, hata la mwalimu yule. Alimpima mabega kwa mikono yake mwenyewe, na sasa kila akikumbuka anaitazama mikono hiyo kama si yake.

Jumamosi mchungaji alikuja nyumbani na shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye naye ni mzee wa kanisa. Walikaa kati ya marobota ya vitambaa.

"Kesho tunawarudisha wote wawili kundini," mchungaji alisema. "Watapeana mikono mbele ya kanisa, yaishe."

"Yaishe kwa nani?" niliuliza.

"Weka akiba ya maneno, wewe," shangazi alidakia. "Chuo kisikupande kichwani. Unataka tulivue kanisa nguo barabarani?"

Mama alisimamisha cherehani. "Wifi, huyu ni damu ya kaka yako."

Shangazi akainamia vipande vya kitambaa sakafuni.

Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga pasi kola, hakugeuka. "Akirudishwa, atafundisha tena?"

"Ametubu, mwanangu," mchungaji alisema. "Sauti ile ni kipawa."

"Hata kwaya ya watoto?"

Mchungaji alipuliza chai iliyokwisha kupoa. "Mungu husamehe."

"Sijamuuliza Mungu, baba mchungaji. Nimekuuliza wewe."

Akaisimamisha pasi. "Mkono wangu simpi."

"Basi utabaki ulipo. Yeye tutamrudisha."

Kesho yake mwalimu alisimama mbele, suti imenyooka, uso umelainika kama wa bwana harusi. Kwaya ya watoto ilikuwa imeketi miguuni pake. Kabla ya kumrudisha mtu, mchungaji wetu huuliza, "Mwenye neno juu ya ndugu huyu aseme sasa." Ni desturi tu, kama mtu anayepiga hodi nyumbani kwake. Tangu nizaliwe sijasikia aliyejibu. Siku hiyo pia aliuliza huku tayari amefungua kitabu cha nyimbo.

"Mimi ninalo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama. Sauti haikutetemeka.

"Alinifungia chumba cha kinanda. Nilimwambia mchungaji wiki ile ile. Wazee wote wanajua."

"Tuimbe!" mchungaji akapaza sauti, na wazee wakadaka wimbo juu juu, kila mmoja kwa sauti yake. Ni wimbo ninaoupenda. Walikuwa wanamfukia mtoto nao. Ningeweza kurusha kiti.

Mwanamke mmoja alitoka kwenye safu yake, akamwinua mwanawe kutoka kwenye kwaya ya watoto. Hakurudi kuketi. Alikwenda mpaka mbele ya shangazi yangu, mtoto kamshika mkono.

"Dada, mlijua?"

Mwingine akaja kumchukua wa kwake, na mwingine. Wimbo ukabaki kwa mchungaji na katibu, kisha kwa katibu peke yake, mpaka naye akaona aibu.

"Tulijua," shangazi alisema. "Tulidhani tunalilinda kanisa."

"Kanisa lipi?" Mama alifoka mpaka vioo vikaitika. "Hawa watoto ni nini? Mapambo?"

Katibu alituwahi mlangoni, mikono ameitandaza. "Mama, mambo ya ndani yanazungumzwa ndani."

"Pisha."

Alipisha.

Kituo cha polisi kilikuwa kitupu, feni inazunguka bila upepo. Askari wa kike alimpa mdogo wangu kiti, akamsikiliza bila kumkatiza hata mara moja. Nilitaka kulia kwa jambo dogo kama hilo.

"Mtu mzima wa kwanza kuambiwa nje ya familia ni nani?"

"Mchungaji."

"Akafanya nini?"

"Alinitenga. Mimi."

Askari aliacha kuandika. "Basi naye ataitwa, na wazee wake. Watatueleza hapa."

Nyuma yetu mtu alikohoa. Shangazi alikuwa ametufuata kwa miguu, vumbi limempanda hadi kwenye pindo la gauni.

"Niandike na mimi," alisema. "Nilikuwemo kwenye kile kikao. Nitasema nani alisema nini."

Sikumshukuru. Nilisogea tu, apate pa kusimama.