Sentensi Arobaini na Moja za Soko la Jebel

Katika wiki sita nilikuwa nimeandika maneno matatu: "Sura hii inawasilisha." Inawasilisha nini, sikujua. Kila asubuhi niliyafuta, nikayaandika upya, nikajipongeza kwamba nimefanya kazi. Mchana nilipanga vitabu kwa urefu. Siku moja nilifungua feni nikaipangusa panga moja baada ya jingine, na feni yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya shirika lililoniajiri kutafsiri barua pale Thongpiny, mtaa wa Juba. Naitwa Nyanut. Nilizaliwa huku, nikalelewa Kitale, nikarudi Juba mwaka 2007 na shahada ya Kiswahili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Sasa ulikuwa mwaka 2010, mji mzima unazungumzia kura ya maoni ya kujitenga, na mimi nazungumza na kompyuta isiyonijibu.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu Kiswahili cha wafanyabiashara wa soko la Jebel. Chuo kilikuwa Nairobi, na msimamizi wangu vilevile. Mtandao wa ofisini ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kazi ilikwenda na kurudi kwa ndege, ndani ya bahasha, mkononi mwa yeyote anayesafiri. Msimamizi huyo nitamwita Daktari, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, nadhani hata na mkewe. Usajili wangu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Sura ya Nne isipomfikia kabla ya hapo, kazi ya miaka mitatu inakwenda na maji. Puok, mwenzangu wa ofisini, alikuwa anasafiri Ijumaa, na baada yake sikuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

Niseme kilichonifunga. Nilikuwa nimekwenda sokoni na kinasa sauti, nikarekodi watu wakieleza maisha yao, nikachagua sentensi arobaini na moja ambamo mtu anasema yuko mahali fulani. Nikazinakili kama zilivyotamkwa, nikazituma pamoja na Sura ya Tatu. Bahasha iliporudi nilidhani kuna mtu aliyemwagia karatasi zangu kitu. Daktari alikuwa amesahihisha data. Maneno yangu mwenyewe hakuyagusa. Aliyasahihisha maneno ya watu wa soko. Aliyesema "watu ya serikali" alifanywa aseme "watu wa serikali." Kila palipokuwa na "mimi iko" au "niko" aliandika "nipo," kwa wino mwekundu na mwandiko mzuri wa mwalimu. Chini kabisa aliweka neno lake: "Huwezi kujenga tasnifu juu ya makosa. Rekebisha kote, kisha uchambue."

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nusu yangu ilikubaliana naye. Kitale watoto walinicheka kwa Kiswahili changu mpaka nikajifunza kuwashinda wenye lugha yao. Nilipata alama ya juu kuliko wote, nikaivaa kama nguo ya Krismasi. Na siku ya kwanza niliyokwenda Jebel, nilipomsikia mama mmoja akisema "mimi iko," nilicheka kimoyomoyo vilevile nilivyochekwa. Sasa kila nikianza sentensi nilisikia sauti mbili zikinisahihisha, ya Daktari na yangu, na yangu ndiyo iliyokuwa kali zaidi.

"Nyanut, acha kujitesa," Puok aliniambia Jumanne. Naye alikulia Kenya, na mambo yake ni ya mkato. "Mpe jamaa chenye anataka. Uchukue hiyo karatasi, usonge mbele. Nani atasoma hiyo tasnifu?"

"Mimi nitaisoma."

"Basi usiisome."

Usiku ule nilimeza mate machungu nikakubali. Mwenye nguvu mpishe. Nikapiga chapa upya sentensi zote arobaini na moja, zimenyooka, zinang'aa. Kazi hiyo ilinichukua dakika arobaini tu, baada ya wiki sita za ukame, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Lakini nilikuwa nimebakiza jambo moja. Nilipomrekodi Robinah, yule mama niliyemcheka, nilimwahidi kwamba kabla sijapeleka maneno yake popote nitamsomea. Ahadi ni deni, hata kwa mtu uliyemcheka. Jumatano asubuhi nikapanda boda kwenda Jebel.

Robinah ni Mganda wa Masaka. Alikuja Juba mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi, na huuza beseni na masufuria chini ya mlima. Nilimkuta anafuta vumbi.

"Soma tu, mwalimu," alisema. "Masikio hapana kazi saa hii."

Nikasoma sentensi ya kwanza. "Walivunja duka langu mara mbili, na kesho yake asubuhi nipo."

Akaacha kufuta. "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Uliniambia mwezi wa pili."

"Mimi? Hapana. Huyo ni mtu ya redio." Akanitazama kama mteja anayetaka kurudisha beseni lililotoboka. "Mimi ilisema aje?"

Nikabonyeza kinasa sauti. Sauti yake ikatoka, na nyuma yake kelele za soko: "Ilivunja duka yangu mara mbili. Kesho yake asubuhi, mimi iko."

"Eh. Sikia sasa. Hiyo ndiyo mimi."

"Maana ni ileile, Mama. Hii ya kwanza ni sanifu tu, Daktari wangu wa chuo aliisahihisha kwa kalamu."

Robinah akaweka kitambaa chini. Nilijua nimekosea kabla hajafungua mdomo.

"Wewe ilisoma Kenya, lakini iko kitu wewe hapana jua. Mtu anapiga simu, anauliza, uko wapi? Mimi najibu, niko kwa kanisa. Niko kwa boda. Hiyo 'niko' ni ya saa hii, dakika kumi mimi natoka. Lakini ile tingatinga ya kuvunja duka ilikuja, mimi hapana sema 'niko.' Mimi ilisema mimi iko. Hiyo ni ya mtu hatoki." Akagonga karatasi yangu kwa kidole chenye masizi. "Huyo Daktari yako amenitoa kwa duka yangu. Tingatinga ilishindwa, yeye ameweza na kalamu. Mwambie kalas, basi, aache maneno yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nina shahada, nina kinasa sauti, nina vitabu vilivyopangwa kwa urefu, na mwanamke mwenye kitambaa cha vumbi amenifundisha sarufi iliyokuwa mkononi mwangu tangu mwezi wa pili. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa naambiwa kwa herufi kubwa.

Nikamwomba beseni moja, nikaligeuza, nikalikalia palepale. Nikasikiliza rekodi zote toka mwanzo, kalamu mkononi, wateja wakinipita juu ya miguu. Muuza simu anayesema "niko hapa nje," kisha anaondoka. Mwanamke aliyefukuzwa nyumba tatu anayesema "mimi iko Juba." Mmoja baada ya mwingine. Ilipofika saa nane mchana hesabu ilikuwa kamili. Sentensi ishirini na nne zilikuwa na "mimi iko," zote za mtu anayekaa, anayeng'ang'ania, asiyebanduka. Kumi na tano zilikuwa na "niko," zote za mtu aliye njiani. Mbili hazikufuata upande wowote. Mgala muue na haki yake umpe: nilimwandikia Daktari hizo mbili mwanzoni kabisa mwa orodha, asije akasema nimezificha.

Sanifu yenyewe ina po, ko na mo, na watoto huchapwa kwa kuzichanganya. Hakuna anayeziita makosa. Watu wa Jebel walikuwa wamejitengenezea tofauti yao wenyewe, yenye kazi, na Daktari alikuwa ameifuta yote kwa neno moja, "nipo," bila kusikiliza hata dakika moja ya rekodi. Nilikuwa nimeipiga chapa mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikidhani naokoka.

Alhamisi nilifika ofisini mlinzi akiwa bado anakunywa chai. Nikafuta "Sura hii inawasilisha" na sikuirudisha. Nikaandika: "Mimi iko si kosa." Kisha nikaeleza kwa nini, na nilipokwisha kueleza kwa nini nikatoa mifano, na mifano ikadai maelezo, na maelezo yakadai jedwali. Zile sauti mbili zilikuja. Ya Daktari niliijibu kwenye tanbihi. Yangu niliiambia inyamaze, nina kazi. Niliandika pia kwamba mtafiti, siku ya kwanza, alimcheka msemaji wake, na kwamba kicheko hicho kilimchelewesha kuona kanuni. Puok alileta chapati saa saba, akakuta ya asubuhi bado iko mezani, akaiweka mpya juu yake akaondoka. Jenereta ilipozimwa saa kumi na moja jioni nilikuwa na kurasa ishirini na tisa.

Ijumaa nilimkabidhi Puok bahasha kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Akachungulia mstari wa kwanza.

"We Nyanut, unataka kufukuzwa?"

"Beba tu."

Simu ya Daktari ilikuja Jumatano iliyofuata. Niliogopa, sitaki kudanganya. Mtu yule alikuwa ameshika miaka mitatu ya maisha yangu.

"Nyanut, nilikupa maelekezo."

"Ndiyo, Daktari. Niliyasoma."

"Na hii uliyoleta ni nini?"

"Ni Sura ya Nne, Daktari. Sentensi ni zao, uchambuzi ni wangu."

"Siwezi kutia sahihi kitu hiki. Elewa maana yake. Usajili wako unakwisha wiki ijayo."

Sasa, katika zile wiki sita nilikuwa nimesoma kila kilichokuwa juu ya meza yangu isipokuwa kazi yangu. Nilisoma hata kijitabu cha kanuni za uzamili, jalada hadi jalada, nafikiri hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Nikavuta pumzi.

"Daktari, kanuni ya kumi na saba inasema msimamizi akikataa sura hupeleka sababu zake kwa kamati, kwa maandishi, akionyesha kila kosa na ushahidi wake. Na usajili haufungwi mpaka sababu zifike. Naomba sababu hizo."

Nilisikia magari ya Nairobi dirishani kwake.

"Nitakuandikia," alisema. "Kwa kirefu."

"Nitashukuru sana, Daktari."

Zikapita wiki mbili, tatu, tano. Jana katibu wa idara alinipigia, mama mpole, anaongea taratibu kama anayebeba kikombe kilichojaa. Alisema Daktari anaomba muda zaidi. Amekuwa akianza na kufuta. Kila akitaka kuonyesha kosa anagundua kwamba hana budi kwanza kueleza kwa nini wale watu hawakukosea mahali palepale mara ishirini na nne. Mpaka sasa ana ukurasa mmoja, na nusu yake ni salamu kwa kamati.

Nilimhurumia, kusema kweli. Najua karatasi nyeupe inavyomfanya mtu. Lakini sikumpunguzia hata chembe. Nilimwambia katibu ampe muda wote anaouhitaji, mimi sina haraka, kisha nikakata simu nikarudi kwenye ukurasa wa kumi na tisa wa Sura ya Tano, ambapo nilikuwa nimemwacha Robinah katikati ya sentensi.