Moshi wa Ernesta

Katika vilima vya Buha mtu habishi hodi ili kujua kama jirani kaamka. Anatazama paa. Moshi ukionekana, kumekucha salama. Usipoonekana, unaacha chungu chako motoni unakwenda kuuliza. Bi Zaitun, muuza vitenge wa Kasulu mjini, ndiye aliyeuhamishia moshi huo kwenye simu. Kundi lake la WhatsApp alilianzisha ili aonyeshe doti mpya, lakini wateja wakazoeana, wakaanza kuulizana dawa ya mchwa, homa za watoto na namna ya kuishi na wakwe. Vitenge vikabaki kisingizio. Walikuwa wanawake thelathini na wanne, kuanzia Kibondo hadi Buhigwe, na wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Kila asubuhi kila mmoja alituma picha ya jiko lake likiwaka. Mwenye zamu ya wiki alihesabu majiko. Ikifika saa tatu na jiko la mtu halijaonekana, alimpigia mwenyewe. Asipopokea, alimpigia jirani yake, kwa kuwa kila aliyeingia kundini aliacha namba ya jirani. Kanuni nyingine hawakuwa nayo.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane zamu ilikuwa ya Asia, fundi cherehani wa Kibondo. Jumatano ile alikuwa na sare za kwaya zinazotakiwa jioni, na kola kumi na moja zilikuwa bado. Alihesabu majiko huku mguu uko kwenye pedali. Thelathini na tatu. Lililokosekana lilikuwa la Ernesta wa Muyama.

Ernesta hakuwa mtu wa mbali kwake. Mtoto wa kwanza wa Asia alipokataa ziwa, Ernesta, mjane anayeishi peke yake, ndiye aliyemwelekeza kwa ujumbe wa sauti siku tatu mfululizo, amshike vipi, ampakate vipi, mpaka mtoto akanyonya. Lakini kumpigia Ernesta hakukuwa jambo la dakika mbili. Angeanza na mbuzi wake, apitie kwa jirani yake Makarius, amalizie na magoti. Asia akazitazama kola. Akakumbuka kwamba kwenye simu yake ilikuwamo picha ya jiko la Ernesta, ambayo mama huyo alimtumia yeye peke yake zamani. Akaituma kundini na kuandika: "Ernesta bando limemwishia, kanitumia mimi. Moshi umetoka."

Bi Zaitun akaweka moyo mwekundu. Mwingine akatania kwamba kwa mahindi mabichi yanayoonekana kando ya jiko, katika kiangazi hiki, lazima Ernesta ana bonde la siri. Wakacheka. Asia hakurudi kuitazama picha. Kola ziliisha saa kumi.

Alhamisi jiko la Ernesta halikuonekana tena. Safari hii Asia alipiga mara nne, na simu haikupatikana. Hapo ndipo alipopaswa kumpigia Makarius. Hakumpigia. Alijiambia betri imekwisha, angoje kidogo. Ukweli ni kwamba aliogopa Makarius asije akasema Ernesta hajaonekana tangu jana. Alingoja mpaka adhuhuri ikapita, ndipo akapiga. Makarius alimkuta Ernesta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, nyonga imevunjika, midomo imekauka kama ganda la maharage. Simu yake ilikuwa mezani, imezimika.

Kundi zima likamshukuru Asia. Waliandika kwamba bila mwenye zamu aliye macho, wangemzika mwenzao. Bi Zaitun alitunga dua ndefu akamtaja kwa jina. Asia alisoma kila neno, na kila neno lilimchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo mpya. Alijibu, "Ni wajibu." Jibu hilo likamnyima usingizi zaidi ya uongo wa kwanza.

Baada ya wiki tatu Ernesta alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, na Bi Zaitun akataka wawakilishi waende kumwona. Asia hangeweza kukataa, mwokozi angekataaje? Alipanda basi mpaka Kasulu, wakachukua bodaboda mbili hadi Muyama, Bi Zaitun amepakata dumu la mafuta ya mawese na kitenge kipya.

Mlangoni walipokewa na Crispin, mtoto wa Ernesta, aliyetoka Mwanza. Aliwavuta pembeni kabla hawajaingia. Aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Anashikilia kwamba alianguka Jumatano alfajiri kabla hajawasha moto, ilhali Jumatano asubuhi alituma picha ya jiko, watu thelathini wameiona. Mtu asiyejua siku hawezi kuachwa peke yake na moto. Mbuzi wamepata mnunuzi, shamba atalisimamia Makarius, na Jumamosi atamchukua mama wakaishi wote mjini.

"Maskini," alisema Bi Zaitun. "Uzee haubishi hodi."

Asia alivua viatu. Aliingia ndani.

Ernesta alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Asia alipomsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mama," mama huyo aliitambua sauti mara moja, akamshika mkono akaung'ang'ania. Bi Zaitun alimfunulia kitenge. Ernesta alikisifu, akatania kwamba hatimaye muuza vitenge katoa kitu bure, kisha akamwomba Asia asogee.

"Mwanangu, nina swali," alisema. "Ile picha nilikutumia lini?"

Crispin aliguna. "Mama, tumeshaliongea hili."

"Simuulizi wewe. Namuuliza aliyepokea." Alimtazama Asia bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Mahindi yale ya kwenye picha tuliyala mwezi wa pili. Crispin anasema labda nilinunua nikasahau. Nimelala hapa nakumbuka, nakumbuka, mpaka nimeanza kuwaamini wao. Niambie tu. Nikisikia kwako nitapanda basi kimya kimya."

Asia aliona kwamba njia ya kukwepa iko wazi. Ilitosha kusema, "Jumatano, mama." Hakuna ambaye angejua, na Ernesta angemshukuru.

"Hukunitumia," alisema. "Ile ni ya mwezi wa pili. Ni mimi niliyeituma."

Bi Zaitun aliacha kukunja kitenge.

Asia akaeleza yote: kola, saa tatu, simu ambayo hakuipiga, na ile ya Alhamisi aliyoichelewesha kwa makusudi. Hakujitetea kwa sare za kwaya; alipozitaja mwenyewe alizisikia zikiwa kitu kidogo mno. Crispin alisimama, akatoka nje, na wakamsikia akitembea uani huku na huku.

Ernesta alikuwa ameuachia mkono wake.

"Pale chini nilikuwa na nguvu kidogo," alisema. "Asubuhi ile ya kwanza. Ningeweza kujiburuta mpaka mlangoni nikapiga kelele. Nikajiambia, usijiumize bure, Ernesta. Saa tatu wataona hakuna moshi. Nikalala nikisubiri saa tatu." Alilitazama dirisha. "Jua lilipohama dirishani nikajua imepita. Ila nguvu nazo zilikuwa zimekwisha."

Asia alilia. Ernesta hakumbembeleza.

"Mwite Crispin umwambie akili yangu ni nzima. Mwambie na mnunuzi wa mbuzi asije. Halafu wale wengine uwaambie mwenyewe, kwa sauti yako, wala si kwa kuandika."

Alifanya hivyo jioni ile, akiwa bado Kasulu, nyumbani kwa Bi Zaitun ambaye alimtengea chakula lakini hakula naye. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa dakika mbili. Wote thelathini na watatu wakausikiliza. Hakuna aliyejibu.

Alirudi Kibondo. Kesho yake aliwasha jiko kama kawaida, akabandika uji, akashika simu, akairudisha mfukoni. Picha zilimiminika, moja baada ya nyingine, bila ya kwake. Alikaa kwenye cherehani akajilazimisha kushona.

Saa tatu kamili simu ikaita. Alikuwa Ernesta.

"Moshi wako sijauona."

"Nimewasha, mama. Nimeona haya kutuma."

"Haya sizihesabu, nahesabu majiko. Nimeomba zamu, mtu aliyelala kutwa ana kazi gani nyingine?" Alikohoa. "Na usidhani nimekusamehe. Nikijigeuza tu, nyonga inanikumbusha. Lakini zamu yangu siiruki."

"Ndiyo, mama."

Kisha Ernesta akaanza na mbuzi. Yule mweusi alikuwa na mimba, Makarius alikuwa hajui kumfunga, kamba anaiweka fupi mno. Asia alitoa mguu kwenye pedali, akauvuta mkeka, akaketi chini kumsikiliza.