Siku Pindo Aliposema Basi

Mtaani walimwita Pindo, maana hakuna aliyekunja pindo la suruali likakaa kama lake. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya cherehani, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipompiga akiwa anampima mteja kiuno. Roho ilipona, ila mkono wa kulia ukabaki umelala kama si wake.

Hospitalini walimnyoosha mkono huo kwa nguvu. Akilia, wananyoosha, akinyamaza, wananyoosha. Baada ya wiki kadhaa Pindo akaacha kulia, akaacha na kujaribu. Nyumbani akawa mtu wa kukaa tu. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alihamia kwake, akawa anamwogesha, anamvisha, anamlisha kijiko kwa kijiko. Hata nzi akimtua shavuni, Pindo alimwacha, ilhali mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa.

Mwezi wa saba wa hali hiyo wifi akasikia kuna mtaalamu mpya wa viungo kwenye zahanati ya jirani, akamkokota mgonjwa wake hadi huko. Walimkuta mwanamama mnene mwenye sauti ya chini. Hakumshika Pindo. Alivuta kigoda, akakaa.

"Hapa tuna sheria moja, dada. Ukisema basi, naacha. Sikuulizi kwa nini."

Alipomgusa tu kiwiko, Pindo akasema basi. Mtaalamu akaachia. Akaanza tena, Pindo akasema basi, akaachia. Ikawa hivyo mara tisa, na wifi pale pembeni hajui aufiche wapi uso wake. Mara ya kumi Pindo aliyavumilia maumivu mpaka alipoamua mwenyewe kuyakatisha, na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu atoke hospitalini.

Mtaalamu akawaeleza kwamba ubongo ukiteseka muda mrefu bila upenyo hujizima wenyewe. Si uvivu wala ujinga, ndivyo ulivyoumbwa. Kinachotakiwa kufundishwa ni kinyume chake: ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ijue kwamba unalofanya linabadilisha kitu. Ikishajua, huituliza hofu iliyojikita ndani zaidi.

"Kila basi lako lilikuwa zoezi," akasema. "Ndiyo maana sikuchoka."

Kasheshe ilikuwa nyumbani. Utamwambiaje basi mtu aliyekubeba miezi saba? Mchana ule kijiko cha supu kilipomfikia mdomoni, Pindo alikizuia kwa mkono wa kushoto.

"Wifi, umenifaa kuliko ndugu wa tumbo moja. Sasa nipe kijiko."

Wifi akadhani amemuudhi Pindo, akatoka, akaenda kukaa uani. Aliporudi, nusu ya supu ilikuwa kifuani kwa Pindo na nusu tumboni, na Pindo anatabasamu huku kidevu kinachuruzika. Walicheka mpaka mbavu zikauma.

Mkono haukurudi wote. Unashika kitambaa na kukisukuma chini ya sindano, lakini mkasi umeushinda, kwa hiyo wifi ndiye anayekata. Mwanzoni alikata mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Siku hizi wateja wanamsifu. Suruali moja huwachukua siku mbili.

Juzi Pindo alimwambia wifi kwamba sasa anajiweza, na kama anataka kurudi kwake, aende na shukrani zake zote. Wifi hakuinua kichwa. Alisema kazi ameizoea, tena chumba kile kina mwanga mzuri. Pindo akasogeza kiti chake, meza iwatoshe wote wawili.