Wembe Juu, Baruti Inakuja

…na bado kaunyanyua huo wembe, kausimamisha juu ya sikio langu kama trafiki anayezuia magari, kwa sababu king'ora cha kwanza kimelia na kinyozi wa mtaa huu anayejua kazi yake hanyoi mtu kati ya king'ora na mlipuko, kuna mmoja alijaribu, ardhi ikaruka na wembe ukaruka nayo, mteja akatoka na sikio lenye mkato kama la mbuzi aliyetiwa alama asipotee, tangu siku hiyo king'ora kikilia nyembe zote zinapanda hewani na vichwa vyote vinasubiri, na mimi nasubiri, nusu kipara kinang'aa, nusu msitu, najitazama kwenye kioo na nacheka mwenyewe, napendeza hata hivyo, hebu nionyeshe mwingine mtaa huu ambaye akinyolewa nusu bado anatazamika… huyu nyuma yangu hawezi, huyu Tabasamu, aliyekaa kwenye benchi na miguu kaipandanisha, ofisa wa uhusiano mwema wa kampuni ya machimbo, kazi yake nzima ni meno, asubuhi anayapeleka kazini, jioni anayarudisha nyumbani, msibani anatabasamu, ukimwambia bomba limepasuka anatabasamu, sijui akilala anayaweka wapi, na ndiye aliyenileta hapa, kanishika mkono kabisa kama mtoto wa chekechea, Spika, kaniambia, maana mtaani wananiita Spika kwa ajili ya huu mdomo, Spika, mchana ukisimama pale ukumbini kwenye mkutano wa machimbo na hilo tita la nywele watu wazima watasema ni muhuni tu, nyoa, uonekane kijana mwenye mwelekeo, basi nikanyoa, nanyoa, nitakuwa nimenyoa baruti ikishapita, kisha nisimame mbele ya watu wote niseme vijana tunataka machimbo yapanuliwe yachukue na kilima cha pili, na nitasema vizuri, hapo sina wasiwasi, shule niliiacha mwenyewe, haikunifukuza, ila mwalimu wangu alilia machozi kwa kukosa mtu wa kubishana naye, na nikishasema, kesho yake napewa boza, ufunguo mkononi, lori zima la maji ni mimi naliendesha, namwagia barabara vumbi lisitimke, kampuni inatimua vumbi mimi nalilaza, yaani kazi ya kifalme, kiwiko dirishani, wasichana wanaruka madimbwi… wazee watakaonikunjia uso wanikunjie, najua watakavyosema, watasimama mmoja mmoja na kofia zao mkononi, vumbi, watasema, nguo tunaanika nyeupe tunaanua kijivu, sasa nani kakwambia ununue nyeupe, mlima unakohoa mbele yako miaka yote hii na wewe unanunua nyeupe, kuku wanatamia mayai yanaoza, watasema, kwa sababu ya mtikisiko, huyo kuku naye mwoga, nyuki walihama kwenye dari ya shule, hilo nalo ni tatizo au ni baraka, muulize yeyote aliyesoma chini ya ile dari… na huyu wa pili kwenye benchi, mtaalamu wa mazingira, kijana tu, hanizidi sana, viatu vya ngozi vya juu havijawahi kuona tope, kaja na begi la mgongoni na chupa ya maji kama anapanda milima, wakati mlima wenyewe ndio unaoteremka, yeye ndiye atakayesoma taarifa yake mchana kabla yangu, athari zipo ila zinadhibitika, nimemsikia akijisomea kwa sauti ya chini tangu wameingia, zinadhibitika, zinadhibitika, kama anaimbisha kwaya, na sasa kainua kichwa anauliza mbona kinyozi kaacha kunyoa, au umeme umekatika, ilhali wembe hautumii umeme, Mungu wangu, watu wamesoma, kinyozi anamweleza taratibu, king'ora, baruti, sikio la yule mteja, na mtaalamu anasema kwa upole kwamba mtikisiko wameupima na uko ndani ya kiwango, na kinyozi anamjibu bila hata kugeuka, sawa bwana mdogo, siku kiwango chako kikishika wembe nami nitaendelea… nimecheka mpaka kitambaa kimeteleza shingoni, Tabasamu naye kacheka, huyu anacheka kila kitu, anasema tulieni, leo haichukui muda, leo wanapiga kidogo tu, upande wa kule karibu na kilima cha pili, kuonja jiwe lake… upande wa kule.

Upande wa kule ni kwetu, ila sawa, nyumba yetu ni ya mwisho na kilima cha pili ndio kama ua wetu wa nyuma, cha kwanza kilikuwa mbele, nilipokuwa mdogo jua lilikuwa linachelewa kutufikia kwa sababu kilikuwa kinatukinga, siku hizi linaingia chumbani mapema na kunichoma usoni, kilima kizima kimepakiwa kwenye malori kikaondoka, kiko chini ya maghorofa ya watu, na mimi ninayependa kulala ndiye niliyepata hasara, hakuna mtaalamu aliyeandika hiyo, athari, kijana mmoja hapati usingizi… na kisima, kisima nacho kilikauka pale shimo lao lilipokwenda chini kukipita, wanayavuta maji kwa pampu wanayatupa mtaroni, kijivu, mazito kama rangi ya ukuta, na sisi tunapanga foleni kwenye bomba la barabarani hapa hapa mbele ya kinyozi, ila nani anapanga, si mimi, dada ndiye anayepanga, mimi nikipewa boza nitamletea maji mpaka mlangoni, nilimwambia jana, akaniuliza maji ya kumwagia barabara au ya kunywa, huyo dada naye ulimi wake ungepata shule… baba, mzee wetu, atakuwa ameshaingia ndani, dada yupo, Jumamosi dada hashoni kwa watu, yupo nyumbani, king'ora kikilia anamgusa mzee bega na mzee anainuka bila kuuliza, anaingia chumba cha kati chenye kuta nene, anaketi kitandani mikono magotini kama abiria, mpaka aguswe tena, ndio utaratibu wetu tangu jiwe la ukubwa wa ngumi lilipotoboa bati la jikoni na kukaa katikati ya sufuria kama limealikwa, maana mzee hasikii, hasikii king'ora, hasikii baruti, hasikii hata mimi, ndiye mtu pekee hapa duniani ambaye mdomo wangu haujawahi kumfanya lolote, masikio aliyaacha humo humo machimboni enzi za nyundo na tindo, akatoboa mashimo ya baruti nusu ya maisha yake na pamba masikioni, pamba, kama ya kuzuia baridi, sasa hayo ni maarifa, mimi ningekuwa yeye ningedai, ningesimama, yeye wakampa blanketi na akashukuru, wazee hawa wanashukuru mno, ndiyo maana…

Yule pale ni nani, kwenye kioo, nyuma ya Tabasamu, ng'ambo ya barabara kwenye foleni ya bomba, kanga ya kijani na ndoo ya njano yenye mfuniko uliopasuka, hapana, ndoo kama hizo ziko mia, mfuniko wetu ulipasuka hivyo hivyo upande wa mkono, mimi ndiye niliyeupasua… ni dada. Ni dada na anacheka na wenzake, anafuta jasho, hana wasiwasi wowote, kwa nini hana wasiwasi, hana wasiwasi kwa sababu mimi niko nyumbani, kichwani mwake mimi niko nyumbani, nililala ndani wakati anatoka, hakuniamsha, kasema huyu akiamka atakuwepo, na Tabasamu akaja kugonga dirisha langu na mimi nikatokea mlango wa nyuma nikijua dada yupo jikoni, sikuita, niite nani, mimi nilikuwa naenda kuwa dereva… sasa mzee yuko na nani, mzee yuko uani, saa hizi anakuwa uani, anapukuchua mahindi mgongo ukiwa umeelekea kilima cha pili, kwa sababu upande huo ndio wenye kivuli, kilima kilichobaki ndicho kinachompa kivuli. Tulia. Wapuliza filimbi watapita, wale vijana wenye vizibao vya kung'aa, kabla ya kila mlipuko wanapita nyumba kwa nyumba wanatoa watu, wataingia, watamwona, hata wakimbeba kama gunia sawa tu, namwuliza Tabasamu kwenye kioo, kawaida kabisa, sauti ya mtu asiye na shida, eti bosi, leo mkipiga upande wa kule watu wa filimbi wanafika mpaka nyumba ya mwisho, ile yenye mpera, na Tabasamu anamtazama mtaalamu, na mtaalamu, kijana wa watu, anafurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Ile haina mtu," anasema. "Tulipokuwa tunazungukia kaya nilifika mwenyewe. Nikapiga hodi mara tatu, kimya. Nikarudi siku nyingine, nikapiga hodi tena, kimya. Tukaiweka kama gofu. Ndiyo maana imewezekana kupiga karibu."

Gofu. Alipiga hodi. Alisimama pale mbele kwenye kizingiti, namwona, na begi lake la mgongoni, adabu tele, mtoto aliyelelewa, hodi, hodi, hodi wenye nyumba, na mzee yuko uani hatua chache nyuma ya ukuta anapukuchua mahindi, na ukuta una ufa ambao ungeingiza kichwa chako ukamwona, ufa wa baruti yao wenyewe, lakini nani anachungulia kwenye nyufa za watu, si ustaarabu, mtu mstaarabu anapiga hodi, asipoitikiwa anaandika hakuna mtu… nataka kumcheka na kicheko hakiji, nimewacheka wote hawa tangu asubuhi, kuku, nyuki, wenye nguo nyeupe, kilikuwa kinakuja chenyewe, sasa natafuta kimoja tu hakipo, wamemziba masikio, halafu wanamwita, halafu wanasema hayupo, na kilima kinachomkinga jua ndicho wanachokwenda kukionja, na mtu wa kuwapigia makofi mbele ya watu ni mimi, wamenikata nywele kwa ajili hiyo, nusu.

"Yumo," nimesema.

"Nani?" anauliza mtaalamu.

"Baba yangu. Hasikii. Hata ungepiga hodi mpaka kesho."

Mtaalamu kasimama, viatu vyote viwili chini, rangi imemtoka, kumbe ana aibu, sikutegemea, nilishamdharau mpaka mwisho sikuacha nafasi, anamgeukia Tabasamu anasema simamisheni, piga redio simamisheni, na Tabasamu ana redio kiunoni, nyeusi, taa yake nyekundu inakonyeza, hata hajaigusa, anasema mashimo yameshafungwa nyaya, ndugu zangu, yakishafungwa hayaachwi hivyo, ni hatari zaidi kuyaacha, anasema hilo huku anatabasamu, lakini leo namwona karibu, yametokeza meno tu, uso haumo, na anaweka mkono kwenye redio na kuuondoa, kuuweka, kuuondoa… nimeinuka na kitambaa cha kinyozi kikiwa shingoni, mlangoni naona mnyororo wa kufunga njia umeshavutwa pale darajani na mlinzi wa bendera nyekundu kasimama katikati, yule hana dini, aliwahi kumzuia bibi harusi na gauni lake mpaka vumbi likatua, na hata angenipisha, mbio zangu mimi, mimi ninayejisifu naruka ukuta wa uwanja wa mpira, kutoka hapa hadi nyumba ya mwisho ni mteremko halafu kupanda, na king'ora cha pili ndicho hicho kinaanza.

"Dada," nimeita kuvuka barabara, na kwa mara ya kwanza leo sauti imetoka nyembamba, na dada kageuka, kaniona, kaona kichwa changu nusu kwa nusu akaanza kucheka, kisha kicheko kimekatika katikati, ndoo imemtoka, maji aliyoyapangia foleni tangu alfajiri yanakwenda zake barabarani, na king'ora kimenyamaza, na pale kinaponyamaza ndipo…

Miguuni kwanza. Siku zote miguuni kwanza, halafu kioo, halafu chupa za mafuta kwenye rafu zinagongana kidogo kidogo kama zinanong'ona, halafu ndio mlio, na baada ya mlio ule ukimya ambao hata mbwa anauheshimu, na vumbi linanyanyuka kule nyuma ya mabati, jeupe, linapanda polepole, zuri hata kulitazama, kama una pa kulitazamia… kinyozi kanirudisha kwenye kiti, sijui lini, nimekaa, anasema subiri king'ora cha mwisho, cha kufungua njia, hakuna anayepita mpaka cha mwisho, na anasema mzee wako ni mtu wa machimbo, yule ardhi anaisikia kwa miguu, labda, labda anaisikia, labda leo jua lilimfukuza akaingia ndani mwenyewe, labda kaenda chooni, choo kina ukuta, mzee huenda chooni, anaruhusiwa, lazima awe ameenda, nani kasema haendi, wewe mlima wewe… na Tabasamu anaongea, anasema hili suala litawekwa sawa, nyumba itaingizwa kwenye orodha, mzee atapewa hata kifaa cha masikio, lakini mchana ukumbini tusichanganye mambo, Spika, wewe ni mtu mwelewa, na kinyozi ameuchovya wembe kwenye maji, anasubiri tu ruhusa, na mimi nimeuzuia mkono wake, hapana, acha hivyo hivyo, nitakwenda hivi, nusu hii mliyoinyoa nyinyi na nusu hii yangu, watacheka ukumbi mzima, wacha wacheke, mtu akishacheka ameshakutazama, na kikilia hicho cha mwisho, mbona hakilii, kikilia tu naruka huo mnyororo, nampitia mzee, yupo, namvisha koti, simwambii kitu, atasikia nini, namketisha kiti cha mbele kabisa, halafu huyu wa viatu akimaliza kuimba zinadhibitika nitasimama, kifupi tu, mimi wa kifupi, nitamwomba aje mbele, asimame nyuma ya mgongo wa baba yangu, kwa adabu zake zile zile, apige hodi.