Shangazi Achamma Alipoleta Nyama

Jumapili ya mwisho kabla ya Mfungo Mkuu wa Kwaresima, siku ambayo kila nyumba ya Wakristo kijijini kwetu humaliza nyama yake, Shangazi Achamma alisukuma geti letu akiwa amebeba sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa hajakanyaga kwetu mwaka mzima.

"Mama yako yuko wapi?" Hata hakunisalimu.

"Amelala, Shangazi."

"Saa tano hii? Ndiyo maana nyumba imejaa utando wa buibui." Akanikabidhi sufuria. "Nyama ya ng'ombe, na vipande vya nazi. Ile anayoipenda. Mwambie kesho aje kanisani. Asimame mahali nitakapomwona."

Akaondoka akikokota goti lake bovu. Nilibaki barazani na ile sufuria ya moto, nikijiuliza mwanamke huyu anataka nini.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kusameheana, ambayo katika kanisa letu ndiyo hufungua Mfungo. Baada ya sala ya adhuhuri Padri hupiga magoti na kutuomba msamaha. Mtu wa kwanza humwendea, hushikana naye mikono yote miwili, kisha husimama kando yake. Wa pili huwapitia wote wawili, naye husimama. Mstari hukua hivyo hivyo mpaka kila mtu awe amemshika kila mtu. Hakuna pa kujificha. Wenye ugomvi mzito siku hiyo hubaki nyumbani wakisingizia homa.

Mwaka uliopita Mama hakusingizia homa. Alifika mbele ya Shangazi, akanyoosha mikono. Shangazi aliitazama kama anatazama samaki aliyeoza, akaficha mikono yake ndani ya sari, akasema kwa sauti, "Ungemngoja dada yake kwanza." Kanisa zima lilisikia.

Ni kweli, Mama hakumngoja. Baba alipofariki, Shangazi alikuwa muuguzi Kuwait. Ndege yake iliahirishwa mara mbili, na siku ya tatu Mama akakubali tuzike. Shangazi alifika jioni ile ile, sanduku la safari mkononi, udongo wa kaburi la kaka yake ukiwa bado mbichi.

Tangu aibu ile Mama hakurudi kanisani. Jumapili kengele ikilia alikuwa anakaa dirishani na kitabu chake cha sala, hakifungui. Nilijua kwamba akiaibishwa mara ya pili, hatarudi tena maishani.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka ule wote, Shangazi alikuwa akitoka kanisani kabla ya Komunyo. Hata Alhamisi Kuu, siku ambayo wagonjwa hubebwa wakapokee, alitoka. Siku hiyo nilimfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja hadi kwetu, akasimama nje ya geti, mkono juu ya komeo, kama dakika kumi. Kisha akaenda zake. Alikuwa anachungulia nini? Mfenesi wetu? Nguo kambani? Tangu hapo nilikuwa nikifunga geti kwa kufuli kila nilipotoka.

Kwa hiyo ile sufuria niliificha nyuma ya kuni. Mama alipoamka sikumwambia neno.

Aliikuta Jumatatu asubuhi, alipokwenda kuwasha moto.

"Binsi. Hii ni sufuria ya Achamma."

"Aliileta jana."

"Na hukuniambia?"

"Mama, kuna kitu anakitafuta. Anataka uende kanisani leo, usimame mahali atakapokuona, ili akuaibishe vizuri zaidi."

Mama alifunua jani. Mafuta yalikuwa yameganda meupe juu ya nyama. Mfungo ulikuwa umeshaanza, na siku hamsini bila nyama zilikuwa mbele yetu. Akamwita mbwa wetu, Tipu, akammiminia yote.

"Nitolee sari yangu nyeupe," alisema.

Njia nzima nilikuwa napanga. Tulipoingia mstarini nilihakikisha nimesimama kabla ya Mama, ili Shangazi anifikie mimi kwanza. Alikuja akimshika mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa sababu ya goti. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono.

Nikaiweka yangu mgongoni.

Sijui hata iliendaje huko. Shangazi alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Aha. Umejifunza kwangu. Na umejifunza vizuri."

Nilitaka kuitoa mikono, ikakataa. Yeye alikuwa ameshanipita. Mbele ya Mama hakunyoosha mikono. Alishika nguzo, akaanza kushuka, na goti likalia mpaka watoto wakageuka. Akapiga magoti sakafuni.

"Wifi, nisamehe. Mwaka mzima nimeshindwa kupokea Komunyo. Nakuja mpaka getini kwako, nashindwa kufungua."

Mama akainama, akamshika mabega. "Mungu akusamehe, wifi. Na mimi unisamehe. Ningekungoja."

"Ndiyo, ungeningoja," alisema Shangazi, bila kulainika hata kidogo. Akafuta macho kwa ncha ya sari. "Sasa niinue. Goti limekwama."

Mama alijaribu, akashindwa; alikuwa amekonda mno, na sasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Wewe uliyeficha mikono," Shangazi aliniita, "hebu ilete hapa ifanye kazi."

Nikaitoa. Nilimshika chini ya kwapa, tukamwinua pamoja na Mama. Aliposimama hakuniachia.

"Nisamehe, Shangazi," nilisema.

"Mungu akusamehe. Nyama ilikuwaje?"

Mama alitazama dari. Ningeweza kudanganya. "Niliificha. Niliogopa umekuja kwa ubaya. Asubuhi amekula Tipu."

Mstari mzima nyuma yake ulikuwa umesimama.

"Aliipenda?"

"Aliramba mpaka sufuria."

"Basi mbwa wenu ana akili kukushinda," alisema, akasonga kwa mtu aliyefuata.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jioni niliisugua sufuria yake kwa majivu, nikaijaza uji wa mchele na choroko, nikampelekea. Alifunua kifuniko, akanusa, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Umeweka nini humu?"

"Choroko, Shangazi. Na nazi."

Akanipa kijiko. "Anza wewe."

Nikaketi kibarazani kwake, nikaanza.