Koti la Bosi

Bosi alikuwa bado anatafuna mkate mama yake alipomvisha koti la sare na kulibana mbele kwa vidole viwili: tak, tak, tak, mpaka shingoni. Mtoto akaacha kutafuna. Akainamisha kichwa kutazama kifua chake, kama mtu aliyesikia mlango usio wake ukifungwa.

"Twende, mwanangu, twende," mama yake, fundi cherehani, akamhimiza, mkoba begani, mkono wa mtoto mkononi. "Leo si siku ya kuchelewa."

Shule ilikuwa inafunguliwa. Njiani watoto walitoka kila mlango wamevaa makoti ya bluu yenye vifungo vyeusi, na karibu kila koti fundi alilijua kwa mshono wake. Lile alilipunguza mikono. Lile la dada mkubwa aliligeuza likawa la mdogo, maana kitambaa kimepanda bei na mzazi aliomba asaidiwe. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka karibu na soko, na kila mara kabla ya shule kufunguliwa ilipiga kelele kutwa. Aliivisha shule nzima. Mwanawe mwenyewe alikuwa hajawahi kukaa darasani hata siku moja.

Jina la Bosi alipewa na fundi viatu wa baraza la jirani. Mtoto alikuwa na tabia ya kupita kwa mafundi mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua kazi za watu, na asiporidhika alitikisa kichwa na kwenda zake. Jina likashika hata nyumbani.

Alipozaliwa, watu walitafuta maneno mengine. Mkunga alinong'onezana na bibi mlangoni. Jirani mmoja akauliza mama alikula nini, mwingine akauliza alimkosea nani. Baada ya wiki kadhaa za maneno ya pembeni, muuguzi wa kliniki ya watoto alivuta kiti akakaa, akamweleza fundi kwamba mtoto ana sindromu ya Down; kwamba kila chembe ya mwili wake imebeba kromosomu moja ya ziada, basi, hakuna aliyemroga mtu wala aliyekosea. Misuli yake ni laini, akasema, kwa hiyo shingo itachelewa kukaza, miguu itachelewa, ulimi utachelewa, vidole vitachelewa.

"Atachelewa, lakini atafika," muuguzi alisema. "Kazi yako wewe ni kumsubiri. Usimfanyie."

Nani asiyejua kusubiri? Fundi alidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Alikuja kujua baadaye. Kumsubiri Bosi ashike kikombe kwa mikono miwili huku chai ikimwagika kwenye kitambaa cha mteja. Kumsubiri amalize sentensi wakati mteja, kwa huruma yake ya haraka, ameshaimalizia. Alijifunza kumwambia jambo mara moja tu, kisha kunyamaza, kwa sababu ukimrudia kabla hajajibu, anaanza kulisikia upya kutoka mwanzo. Alijifunza kumwonyesha badala ya kumweleza, na kuikata kazi vipande vidogo vidogo kama anavyokata kitambaa: hakuna anayeshona gauni, watu wanashona mkono, kisha kola, kisha pindo.

Mwaka uliopita walikuja shuleni, na mwalimu mkuu hakuwafukuza. Alikuwa mtu wa adabu, amechoka, madarasa yake yamefurika mpaka watoto wanakaa sakafuni. Alisema walimu wake si yaya. Mtoto aje siku atakapoweza kujivalisha mwenyewe, naye atampa nafasi darasa la kwanza.

Basi ukawa mwaka wa vifungo. Fundi alianza na koti kuukuu la mumewe lenye vifungo vikubwa kama kizibo cha chupa. Wakaanzia chini kwenda juu, kwa sababu vya chini Bosi aliviona vizuri bila kidevu kumziba. Kifungo kimoja kwa siku nyingi, kisha viwili. Vidole vyake vifupi vilitafuta tundu, vikalikosa, vikalitafuta tena, ulimi umetokeza pembeni kwa bidii. Kidogo kidogo vifungo vikapungua ukubwa, mpaka vikafikia vile vyeusi vya sare. Siku alipofika shingoni peke yake, fundi viatu alisimama akampigia saluti. Tangu hapo hakuna mtoto aliyejaribu sare pale barazani akaruhusiwa kuondoka kabla Bosi hajamfunga vifungo vyote. Walisimama wakasubiri, na hakuna aliyelalamika, maana anayelalamika alifunguliwa akaanza kufungwa upya.

Aliweza. Lakini alichukua muda wake, na muda ndio fundi aliouogopa. Akilini alimwona mwalimu mkuu akitazama saa. Aliona foleni ya wazazi nyuma yao. Jana, alipomaliza koti la Bosi lililokatwa kwa kipimo chake mwenyewe, mikono mifupi na kola pana, alilitazama, akaacha kutoboa matundu. Badala yake akaweka ndani vifungo vya kubonyeza, vile vya chuma vinavyoingiana, na juu yake akashona vile vyeusi vya urembo. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Ukivuta, linafunguka. Ukibana, limefungika.

Mumewe, mwashi, aliliona akasema mtoto atachanganyikiwa.

"Wewe unajua simenti," fundi alimjibu. "Niachie nguo."

Ofisini, mwalimu mkuu aliwakumbuka. Aliwakaribisha, akauliza habari za nyumbani, akasema hata koti limempendeza mtoto, ingawa maneno yote aliyaelekeza kwa mama. Nyuma yao wazazi walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Akasema hataki kuwachosha: mtoto avue koti, alivae tena, alifunge, yatakuwa yamekwisha.

Fundi alimwambia Bosi mara moja, kisha akanyamaza.

Bosi alianza chini, kama alivyofundishwa. Alishika kifungo cha kwanza, akakisukuma kuelekea tundu. Hakikwenda. Akakigeuza. Akapitisha kidole pembeni yake, akapapasa, akarudi nyuma ya kitambaa, akapapasa huko. Akahamia cha pili. Nyuma yao mzazi mmoja akakohoa.

"Vuta tu, mwanangu," fundi akasema. "Lifungue hivi. Vuta."

Alikuwa ameshavunja sheria yake mwenyewe, na akaivunja tena alipoinyoosha mikono yake kumsaidia. Bosi akarudi nyuma hatua moja. Akakaa sakafuni, miguu mbele, mikono kifuani.

"Hapana," akasema. Ulimi wake mzito uliyaburuta maneno, lakini mama yake aliyasikia vizuri. "Tundu hakuna."

"Anasemaje?" mwalimu mkuu akauliza.

Fundi alifungua mdomo. Aeleze nini? Kwamba mtoto amesema kweli tupu? Kwamba ndani ya chumba hicho ni Bosi peke yake aliyegundua koti lile ni la uongo, na aliyeutengeneza uongo huo ni mama yake, kwa kumwonea haya kabla hata watu hawajamwona?

"Mimi ndiye niliyekosea, mwalimu," akasema. "Koti halina matundu. Nipe muda nitoboe."

Mwalimu mkuu alitabasamu kwa upole, ule upole wa kufunga mlango. Alisema anaelewa uchungu wa mzazi. Akasema mtoto wa hivi mahali pake ni kitengo maalumu, na alipoulizwa kiko wapi akaonyesha kwa kalamu jengo la ng'ambo ya uwanja. Dirishani mwake ilionekana mifuko ya simenti na madawati yaliyovunjika. Kitengo kilikuwa na jina ukutani. Mwalimu hakikuwa naye. Labda mwakani, akasema, na akamwita mzazi aliyefuata.

Fundi hakwenda nyumbani. Nje ya ofisi, kwenye baraza, palikuwa na benchi. Akakaa, akamvua Bosi koti, akatoa wembe mkobani. Sindano haikuwa mbali. Kama kila fundi, aliitembeza kifuani pa blauzi, uzi ukining'inia. Alifumua vyuma kimoja kimoja, akavitupa mkobani. Akapima kwa jicho, akapasua tundu la kwanza, akaanza kulizungushia uzi kingo zake kwa mkono, mshono juu ya mshono, ili lisichanike. Bosi alikaa ubavuni ameshika kibunda cha uzi, akikagua.

"Zuri," akasema tundu lilipoisha.

"Asante, Bosi."

"Lingine."

Kengele ya mapumziko ililia. Watoto wakamwagika uwanjani, wakamwona, wakaja mbio. Walimjua. Walimzunguka na makoti yao, mmoja akapenyeza kichwa kuuliza kwani Bosi anasoma hapa sasa. Fundi alisema bado. Msichana mmoja mwenye pengo akasema mbona ana sare. Kengele ikalia tena, wakaondoka.

Tundu la mwisho lilipoisha, Bosi alivaa koti. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola ikajikunja, akaiacha. Akaanzia chini. Fundi alikalia mikono yake mwenyewe. Si kwa mfano. Aliiweka chini ya mapaja akaikandamiza kwenye benchi. Bawabu wa geti, mzee aliyetumwa kuja kuwaambia kwamba muda wa wageni umekwisha, alifika, akawatazama, akasimama.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mwalimu mkuu akatoka na faili kwapani.

"Mwalimu," fundi akasema, "mtazame."

Bosi alikuwa katikati ya kifua. Mwalimu mkuu alisema ana kikao wilayani, kwamba hilo wamekwisha kulizungumza, mama asijisumbue. Akafunga mlango kwa ufunguo. Alipita mbele ya mtoto akiangalia saa, akashuka ngazi, na kifungo cha chini ya kola kikaingia tunduni wakati mgongo wake unakata kona.

Kikabaki kimoja. Kidevu kilimzuia, kama siku zote. Bosi akainua uso, akatazama dari la baraza, akakitafuta kwa vidole tu. Akakikosa. Akakikosa tena. Bawabu akasogea hatua moja.

Kikaingia.

"Nimeona mimi," bawabu akasema taratibu, na papo hapo akaonekana kutambua jinsi ushahidi wake usivyokuwa na pa kuupeleka.

Bosi hakumngoja yeyote ampongeze. Alishusha koti vizuri, akaweka mikono nyuma, tumbo mbele, akaenda mpaka kwenye mlango wa mwalimu mkuu. Akagonga. Akanyamaza kusubiri, kama alivyosubiriwa maisha yake yote.

Fundi alitaka kumwambia hakuna mtu. Neno lilimfika ulimini. Kwenye baraza, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ametoa kichwa mlangoni kuona ni nani anayegonga. Na wa darasa la pili. Na nyuma ya viuno vyao, watoto.

Bosi akageuka kumtazama mama yake.

"Gonga tena, mwanangu," fundi akasema. Akaegemea ukuta, akachomeka sindano mahali pake kifuani.

Bosi akagonga. Bawabu alikumbuka kazi aliyotumwa, akaenda mpaka getini, akalishika kufuli akaligeuza huku na huku, kisha akaanza kulalamika kwa sauti kubwa kwamba kufuli hili lina kutu, leo halifungi, kwa hiyo muda wa wageni haujaisha.